Uzoefu wa Nani? Mshahara wa Kuanzia katika Utumishi wa Kikoloni Afrika Mashariki, 1945–1961

Katika utumishi wa serikali za kikoloni za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, kila cheo kilikuwa na ngazi yake ya mshahara, yenye vidato vilivyopandwa mwaka hadi mwaka. Mwajiriwa mpya alianza kidato cha chini, isipokuwa pale serikali ilipokubali kuhesabu kazi aliyoifanya kabla ya kuingia. Uamuzi huo wa siku moja ulikuwa na athari ndefu. Aliyeingizwa kidato cha nne alimtangulia mwenzake kwa vidato vitatu hadi alipofika kilele cha ngazi, na fedha alizozidishiwa njiani hazikurudishwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walioingia utumishi huo walihesabiwa miaka yao ya jeshini. Askari wa KAR nao walirudi kutoka Ethiopia na Burma wakiwa madereva, makarani na mafundi wa mawasiliano. Lakini mlango wao ulikuwa mwingine: vyeo vya chini, vyenye ngazi zilizotengewa Waafrika. Hata pale uzoefu wao ulipotambuliwa, ulipimwa ndani ya ngazi ambayo kilele chake kilikuwa chini ya kianzio cha afisa wa Kizungu.

Tume ya Holmes ya 1947–48 iliidumisha tofauti hiyo kwa hesabu. Asiyekuwa Mzungu, hata akishika cheo kilekile kwa sifa zilezile, alilipwa tatu ya tano: paundi 60 pale mwenzake alipopata 100. Hapa ndipo hoja ya uzoefu inapofichua udhaifu wake. Kidato kilipangwa kwanza kwa sifa, kisha matokeo yakakatwa kwa rangi. Kila mwaka wa kazi wa Mwafrika ukawa na thamani pungufu tangu siku ya kwanza. (Wahindi na Waarabu wa Zanzibar hawakusalimika.)

Madaktari wa Makerere waliliona hilo waziwazi kuliko wengi. Walisomea udaktari kwa miaka mingi na kutibu katika hospitali za serikali, ila kwa muda mrefu waliitwa wasaidizi. Baraza Kuu la Utabibu la Uingereza lilitambua sifa yao mwaka 1957. Ni vigumu kudai kuwa walikosa uzoefu. Walichokosa ni mtu wa kuukubali.

Tume ya Lidbury iliyoripoti mwaka 1954 ilipendekeza ngazi moja isiyotaja rangi. Hata hivyo, walioajiriwa kutoka nje waliongezewa malipo ya kuwavutia, na kwa kuwa wengi wao walikuwa Wazungu, pengo likabaki chini ya jina jipya. Mwaka 1961 Uingereza ilianzisha mpango wa kuyabeba yenyewe malipo hayo ya ziada. Serikali za Kiafrika zikarithi ngazi ya msingi, pamoja na watumishi ambao kidato chao cha kwanza kilikuwa kimeshapangwa na wengine.