Merikani na Dondo

Leo tusome habari za nguo.

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilichukua nguo badala ya fedha. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, na hongo ililipwa kwa nguo. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili ni doti. Nguo iliyosifiwa sana ni merikani, nguo nzito ya pamba iliyofumwa Marekani.

Mwaka 1861 vita vilizuka Marekani, vikaisha mwaka 1865. Merikani ikaadimika. Ndipo nguo za kuiga zikaletwa kutoka Uingereza, na baadaye Bara Hindi.

Mfumaji hutia nyuzi dondo, yaani wanga, zisikatike anapofuma. Hilo si kosa. Lakini viwanda vingi vya Uingereza vilizidisha dondo na kuchanganya udongo mweupe, ili pamba kidogo iwe nzito. Nguo kama hiyo ikifuliwa, dondo hutoka, ikabaki nyepesi. Hasara ni ya nani? Ni ya mtu aliyeipokea kwa jasho lake.

Basi, ukinunua kitambaa, kisugue kwa vidole. Ukiona unga mweupe, jihadhari. Kisha kifue kabla fundi hajakata, maana nguo mpya hurudi.