Ngao ya dunia: ile ya filme na ile iliyo juu yetu kweli

Katika filme za vita vya anga, sayari inaweza kufunikwa na ngao ya nguvu isiyoonekana. Kwenye Star Wars ya mwaka 1980, ngao ya namna hiyo inalinda kambi ya waasi katika sayari ya barafu, Hoth. Makombora kutoka juu hayapiti, basi adui analazimika kushusha askari wake chini. Kwenye ile ya 1983, ngao inazimika kwa kulipua mtambo wake tu. Kijana anayetoka kuitazama hapa Mubi anaweza kuuliza: na dunia yetu, iko na ngao?

Iko nayo. Chini ya miguu yetu, kuanzia karibu kilomita 2,900, kuna chuma kilichoyeyuka, na mwendo wake unaifanya dunia iwe sawa na sumaku kubwa. Sumaku hiyo inageuza njia ya chembe za umeme zinazotoka juani. Hakuna mtambo wa kulipua. Na sisi wa karibu na ikweta tuna bahati: hapa nguvu ya sumaku inapita sambamba na ardhi, chembe zinapata shida kushuka kuliko kule kwenye ncha za dunia. Kule Kanada, Machi 1989, dhoruba ya jua ilizima umeme wa Quebec kwa karibu saa 9, watu milioni 6 wakabaki gizani.

Lakini radi inazaliwa ndani ya ngao, kwenye mawingu yetu wenyewe. Hapo tuko wazi kabisa. Orodha ya mwaka 2016, kwa vipimo vya setilaiti, iliweka Kabare ya 2 duniani na eneo la Sake, kule Masisi, la 5: zaidi ya miali 140 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Ni milima, joto na unyevu. Mama mzee anayesingiziwa kwamba “ametuma radi” hana mkono mule.

Paratoneri haizuii radi; inaipa njia ya waya mpaka ardhini. Shule isiyo nayo inacheza na watoto. Ukisikia ngurumo, toka shambani, mtoni na uwanjani, usijifiche chini ya mti, ingia nyumba imara ao gari lililofungwa, ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa habaki na umeme mwilini: mguseni mara moja, na kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua huku mkitafuta njia ya kumfikisha kituo cha afya.