Kasulu na Kibondo: Juu ya Mwisho wa Reli

Treni ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mkoa mzima umebeba jina la utani ambalo wenyeji wameshalizoea: mwisho wa reli. Kwa watu wa Kasulu na Kibondo jina hilo ni la kubandikwa tu. Abiria wa Kasulu akishuka stesheni Kigoma, safari yake bado. Ana mlima wa kupanda, kutoka ziwani penye mita kama 770 juu ya usawa wa bahari hadi nyanda za juu za Buha zinazopita mita 1,200, ambako usiku wa Juni blanketi moja halitoshi. Wa Kibondo naye hupita Kasulu na kuendelea kaskazini. Miji hii imekua bila filimbi ya treni na bila mgodi. Imekuzwa na shamba, na msitu, na amri za kuhamisha watu. Hizo amri ndizo historia za sherehe huzipitia mbio, nami nitazikalia.

Kabla ya boma la mkoloni palikuwa na Heru, mojawapo ya falme za Waha, wenyeji wa Buha. Waha hawakuwahi kuwa chini ya mfalme mmoja. Heru ilishika eneo la Kasulu, Muhambwe ikawa Kibondo ya leo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyingine ndogondogo pembeni, kila moja na mwami wake, yaani mfalme. Ng'ombe ndiye aliyefunga watu pamoja: tajiri alimkabidhi mtu ng'ombe, naye aliyepokea akawa na wajibu wa kumtumikia na kumheshimu, mpango ulioitwa ubugabire. Falme hizo hazikufutika kabisa kwenye ramani. Heru Juu ni kata ya mji wa Kasulu. Muhambwe na Buyungu yamekuwa majina ya majimbo ya uchaguzi, kwa hiyo kila baada ya miaka mitano wagombea huzunguka na vipaza sauti wakiomba kura katika himaya za wami wa zamani.

Waha walijua pia thamani ya njia iliyopita kwao. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo ya vitambaa alipoingia Uha, yaani Buha. Akaambiwa mbele yake kuna mtawala mwingine anayedai, na baada ya huyo mwingine tena. Mwishowe akatafuta wa kumwonyesha njia za porini, akauvuka Uha usiku msafara ukiwa kimya. Kitabuni mwake kisa hicho kimeandikwa kama masaibu ya mtu aliyeporwa. Kwa wenye nchi ilikuwa ushuru, na aliyepita gizani bila kulipa anajulikana anaitwaje.

Kwanza walitawala Wajerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka upande huu, wakaushikilia mpaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Kasulu na Kibondo zikawa wilaya katika Jimbo la Magharibi, makao yake makuu Tabora. Kwa mkuu wa wilaya wa wakati ule, huku kulikuwa mbali na kila kitu, na karatasi za ofisini zilitaja mambo mawili zaidi ya mengine: malale na manamba.

Malale yalikuja na mbung'o. Familia za Buha ziliishi zimetawanyika, kila kaya kwenye shamba lake na migomba yake, huku msitu ukianzia nyuma ya nyumba. Katika miaka ya 1930 serikali iliamua kwamba dawa ni kuwakusanya. Watu wa upande wa mashariki wa Kibondo na Kasulu waliamriwa kuacha makazi yao na kuhamia kwenye makazi ya pamoja, ambako pori lingefyekwa na mbung'o wakose kivuli. Wengi walipona kwa sababu hiyo, na haki hiyo tuwape madaktari. Lakini ardhi waliyoiacha haikubaki wazi. Miombo ilirudi ikafunika mashamba na makaburi, tembo na nyati wakafuata, na sehemu kubwa ya nchi hiyo baadaye ikawa Pori la Akiba la Moyowosi. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya kwanza nchini kupata hadhi hiyo. Mtalii anayeambiwa kwamba anaona nyika isiyoguswa na binadamu anastahili kuongezewa habari kidogo.

Manamba ni upande wa pili wa shilingi hiyo. Buha haikuwa na zao kubwa la biashara, kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa Tanga na Morogoro kwenye mkonge. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichokusanya vijana katika wilaya za mbali, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa visima vyake vikuu. Kijana alitembea hadi reli, akapanda behewa, akashuka upande mwingine wa nchi akiwa na namba. Kule alifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza idadi yake ya matita ya mkonge haikuhesabiwa. Baadhi walirudi na baiskeli na mabati. Wengine walioa huko, na leo kuna koo za Waha Muheza na Korogwe ambao wajukuu zao hawajawahi kuuona mlima wa Heru. Nyumbani kazi ya shamba ikabaki kwa wanawake, wakalima mihogo, mahindi na maharage, na kwa maoni yangu hao ndio waliojenga miji hii zaidi ya bwana shauri yeyote. Na si shamba tu. Katika miaka ya mwisho ya Waingereza kiti cha Heru chenyewe kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyeingia pia katika Bunge la Tanganyika. Tawala za jadi zilifutwa kisheria mwaka 1963, lakini jina lake linatajwa Kasulu mpaka leo kwa adabu ambayo wabunge wengi wangeitamani.

Shule na tiba zilitangulizwa na makanisa. Wakatoliki walijenga Kabanga, misheni yenye hospitali inayotegemewa na wilaya nzima. Waadventista wakajenga hospitali ya Heri upande wa Manyovu. Mwaka 1966 Kanisa la Anglikana lilianzisha Dayosisi ya Western Tanganyika na kuweka makao yake Kasulu, si Kigoma wala Tabora. Musa Kahurananga akawa askofu. Ukiongeza vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, unapata mji ambao kwa miongo mingi bidhaa yake iliyosafiri mbali zaidi, ukiacha maharage, ilikuwa walimu. Hata Profesa Joyce Ndalichako, aliyeongoza Wizara ya Elimu, baadaye akawa mbunge wa Kasulu Mjini.

Kisha amri ya kuhama ikaja tena, safari hii kutoka serikali yetu wenyewe. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuwapeleka watu vijijini. Kaya ziliteremshwa kutoka milimani, mahali penye mvua na migomba ya babu, zikapangwa kwa mistari kandokando ya barabara kwenye ardhi ya tambarare. Shule na zahanati zilifika karibu, hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba mtu aliyezoea kulima mlimani alianza upya kwenye udongo asioujua. Wilayani Kasulu kuna kijiji kinachoitwa Asante Nyerere, jina ambalo unaweza kulitamka kwa sauti mbili tofauti.

Mwaka huohuo wa 1972 Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao, na wengi wakapelekwa Tabora na Rukwa. Wimbi lililoibadilisha Buha yenyewe lilikuja baada ya Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa Bujumbura. Kambi za wakimbizi za Mtabila na Muyovosi zikafunguliwa Kasulu. Kibondo ikapata Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Mkugwa na Karago. Wakongo walipofika mwaka 1996 ikaongezeka Nyarugusu. Kibondo, mji uliokuwa na mtaa mmoja wa maduka, ukajaa magari meupe yenye antena ndefu, nyumba za kupangisha zikapanda bei, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akijua Kiswahili, Kiha na Kiingereza cha kuungaunga akapata kazi ya ukalimani, kwa maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mafuta na unga wa njano wa misaada viliuzwa sokoni kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo neema. Balaa lake lilikuwa barabarani: majambazi wenye bunduki za vita waliteka mabasi porini, na kwa miaka magari yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na polisi.

Kambi zilifungwa na kufunguliwa kama duka. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na jina lake sasa ni la kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyozidi miaka 100, ilibeba maelfu kutoka ufukwe wa Kagunga hadi Kigoma, na Nyarugusu ikapita watu 150,000. Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Wote hao walipika kwa kuni. Ukitaka kujua mahali kambi ilipokuwa huhitaji kibao: angalia mahali miti mikubwa inapokoma ghafla na vichaka vya umri mmoja vinapoanza.

Hapo ndipo habari ya mbao inapoingia. Buha haikuwa na mto wa kusafirishia magogo hadi sokoni wala reli ya kuyabeba, kwa hiyo msitu wake uliliwa polepole, kwa msumeno wa watu wawili. Mmoja husimama juu ya gogo na kuongoza mstari uliopigwa kwa kamba ya masizi. Mwenzake yuko shimoni chini yake, unga wa mbao ukimjaa kwenye kope. Mti unaotafutwa ni mninga. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama jeraha, na ubao wake mkavu haushambuliwi na mchwa wala haupindi, ndiyo maana kitanda cha mninga huingia kwenye mirathi. Mkurungu, ndugu yake, nao unatajwa sana. Mninga huchukua miaka 80 hadi 100 kufikia unene wa kupasuliwa. Msumeno wa mafuta hauhitaji nusu saa.

Siku hizi shehena halali ina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) iliyogongwa kwenye kila ubao na kibali cha kusafirishia. Shehena nyingine husafiri usiku. Ugomvi mkubwa zaidi, hata hivyo, umekuwa juu ya ardhi iliyo chini ya miti. Hifadhi ya msitu ya Makere Kusini na vijiji vya Kagera Nkanda vimevutana kwa miaka mingi: mkulima anasema watoto wamezaliwa na mlima hauongezeki, askari wa misitu anaonyesha ramani. Wote wawili wana hoja, na ukikumbuka malale na Operesheni Kigoma utaelewa kwa nini mkulima haamini ramani upesi. Warina asali wa Kibondo wamejichagulia njia ya tatu. Wanatundika mizinga kwenye miti ileile ambayo mpasuaji mbao anaitamani, na mti uliosimama unawalipa kila msimu.

Sensa ya 2012 iliwakuta watu 208,244 katika eneo la Halmashauri ya Mji wa Kasulu. Idadi hiyo isikudanganye ukafikiri ni maghorofa, maana ndani ya mipaka ya mji kuna mashamba, na mtumishi wa halmashauri anayekuhudumia asubuhi jioni anapalilia maharage. Ni watu wasiopenda kuamriwa, na historia yao inaeleza sababu. Mwaka 2010 chama cha NCCR-Mageuzi kilipata majimbo manne nchi nzima. Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe yalikuwa matatu kati ya hayo, na la nne lilikuwa Kigoma Kusini, mkoa huohuo. Mwaka 2012 wilaya za zamani ziligawanywa, Kakonko ikatoka Kibondo na Buhigwe ikatoka Kasulu. Buhigwe haikukaa sana kabla ya kumtoa Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2021 hadi 2025.

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Lami, iliyokuwa ahadi ya kila kampeni, imejengwa kwa vipande, Kidahwe hadi Kasulu, Nyakanazi hadi Kabingo, kisha ule mradi mrefu wa kilomita 260 kutoka Manyovu kupitia Kasulu na Kibondo hadi Kabingo. Wafanyabiashara wa maharage wameelewa maana yake mapema kuliko wengine. Zamani mnunuzi wa Dar es Salaam alitaja bei akijua gunia likikwama kwenye matope ya Machi litaoza mikononi mwa muuzaji. Sasa lori linaondoka jioni ileile, na mama wa soko la Kasulu aliyekataa bei asubuhi anaweza kuikataa tena saa kumi.