Ubora wa Katuni za Kijapani: Tuhesabu Michoro au Tuisome Picha?

Utangulizi

Muhula uliopita tulikaa watu saba katika chumba kimoja cha bweni, tunaangalia katuni ya Kijapani kwenye kompyuta ya mwenzetu. Ikafika mahali mhusika amesimama tu, hatikisiki, maneno yanasikika na mdomo hauonekani. Mmoja wetu akaangua kicheko: “Hawa wamechoka kuchora, bwana! Katuni gani haichezi?” Tukacheka wote, na mimi nikiwemo.

Baadaye nikajiuliza tulichokuwa tunakicheka ni nini hasa. Kicheko kile kilikuwa uhakiki, tena wa aina ile tunayoikataa darasani. Mtu akidai kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi, tunamkumbusha mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko, tunamwambia atazame kazi nzima. Mbona kwenye katuni tunarudi kuhesabu vina?

Katika makala haya nitaeleza kwa kifupi historia ya ubora wa uchoraji katika katuni za Kijapani, yaani anime. Hoja yangu ni kwamba uchache wa michoro ulizaliwa na bei, kisha ukageuzwa kuwa fani. Lakini gharama ya fani hiyo ilibebwa na wachoraji. Mhakiki anayeliona moja na kuliacha la pili anaona nusu.

Ndoto ya Toei

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde moja. Anayetaka mwendo laini huchora picha mpya kwa kila fremu, au kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Sasa chukua kalamu upige hesabu: kipindi cha dakika 25, kikichorwa hivyo mwanzo hadi mwisho, kinadai michoro 18,000.

Kampuni ya Toei ilipoanzisha tawi lake la katuni mwaka 1956, ilikuwa na ndoto ya kuwa Disney ya Mashariki. Filamu yake Hakujaden ya mwaka 1958 ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya katuni za rangi nchini Japani. Ilikuwa kazi ya majumba ya sinema: hutoka moja, watu wakaingoja nyingine. Kwa mwendo huo iliwezekana kuchora sana.

Bei ya Atom

Televisheni ndiyo iliyobadilisha mambo. Osamu Tezuka, msanii maarufu wa hadithi za picha, alianzisha kampuni yake ya katuni, Mushi Production, mwaka 1961. Tarehe 1 Januari 1963 kipindi chake cha Tetsuwan Atom, habari za mtoto roboti, kilianza kuonyeshwa, kila wiki nusu saa. Kilikwenda hadi mwisho wa mwaka 1966, na vipindi vikafika 193.

Tezuka aliuza vipindi vyake kwa bei iliyokuwa chini ya gharama ya kuvitengeneza. Pengo alitarajia kuliziba kwa mauzo ya nje na kwa biashara ya sura ya Atom. Mdhamini wake alikuwa mtengenezaji wa peremende na chokoleti. Basi ilibidi abane kila kitu. Mchoro mmoja ukakaa fremu tatu badala ya mbili. Mhusika akiongea, hucheza mdomo tu, kichwa kimetulia. Akikimbia, michoro ile ile ya miguu inazungushwa. Na michoro ya Atom akiruka angani ilihifadhiwa ili itumike tena katika kipindi kingine. Hifadhi hiyo waliiita benki. Kwa njia hizi kipindi kimoja mara nyingi hakikufika michoro 2,500.

Mimi nikiisoma habari ya benki naikumbuka ngano. Fanani naye ana benki yake: mianzo ile ile, wimbo ule ule unaorudi kila zimwi linapokaribia. Hakuna mwalimu wa fasihi simulizi anayesema bibi anarudia wimbo kwa sababu ameishiwa. Tunasema takriri, tena tunaipa alama kwenye mtihani. Lakini tusidanganyane. Bibi alirudia kwa sababu wasikilizaji wanataka kuitikia. Tezuka alirudia kwa sababu Jumanne ijayo ilikuwa inakuja na pesa hakuna. Fani mbili zinaweza kufanana sura zikatofautiana chimbuko.

Picha inaposimama

Uhaba ule ulikuja kuwa fani lini? Osamu Dezaki alilelewa kikazi hapo hapo Mushi, na mwaka 1970 akaongoza Ashita no Joe, hadithi ya bondia kijana asiye na kwao. Dezaki hakuuficha usimamaji wa picha, aliutia mkazo. Ngumi inapotua, au mtu anapotambua jambo zito, mwendo unakatika na fremu inageuka kuwa mchoro uliopakwa kwa mkono, wenye mistari mizito na vivuli, kama kadi ya posta. Mtazamaji analazimika kutulia hapo hapo. Katika mwendelezo wake wa mwaka 1980 hadi 1981, Joe anamalizia pambano la mwisho ameketi kwenye kona ya ulingo, amefumba macho, anatabasamu, hatikisiki. Je, amekufa? Hatuambiwi. Hebu fikiria angechorewa michoro 12 kwa sekunde akihema. Swali lote lingekufa.

Mfano wa pili ni Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, iliyoonyeshwa Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Katika kipindi cha 24 kijana Shinji anatakiwa amuue rafiki yake aliyemshika katika kiganja cha mashine kubwa. Picha inasimama kwa kama dakika nzima, muziki wa Beethoven unaendelea. Hakuna kinachocheza, ila mtazamaji mwenyewe ndiye anayehangaika kitini. Dakika ile haikugharimu michoro, na ndiyo niliyobaki nayo kichwani kuliko mapigano yote yaliyotangulia.

Sisemi kwamba kuchora sana ni upuuzi. Akira ya Katsuhiro Otomo (1988) ilichora kwa wingi mpaka moshi na taa za pikipiki zina maisha yake, na sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza ili midomo ifuate maneno. Wingi ule una kazi yake: mji wenyewe ndio mhusika, nao unafumuka. Kipimo basi ni hiki: mwendo huu, au utulivu huu, unafanya kazi gani katika dhamira?

Jasho la nani?

Hapa ndipo nisipotaka kuwafuata wale wanaosifu uhaba kana kwamba ni baraka. Mwaka 1989, baada ya Tezuka kufariki, Hayao Miyazaki alimkosoa waziwazi kwa kuanzisha katuni za televisheni kwa bei ya chini. Miyazaki alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi pale Toei ujanani, pamoja na Isao Takahata. Filamu ya kwanza aliyoiongoza Takahata, Hols ya mwaka 1968, ina mashambulizi ya mbwamwitu na panya yaliyoonyeshwa kwa picha zilizosimama, kwa kuwa muda na fedha vilikwisha. Hata waliopigania mwendo kamili walibanwa na mkoba wa mwenye kampuni.

Mushi yenyewe ilifilisika mwaka 1973, ila bei iliyoizoesha soko ilibaki. Mwaka 2015 chama cha watengenezaji wa katuni nchini humo, JAniCA, kilitoa matokeo ya uchunguzi wake: wachoraji wa picha za kati, wale wanaojaza mwendo baina ya michoro mikuu, walipata wastani wa yen milioni 1.1 hivi kwa mwaka 2013, wakati wastani wa waajiriwa wa sekta binafsi Japani ulizidi yen milioni 4. Wengi wao hulipwa kwa mchoro. Kwa hiyo mchoro mzuri unaochukua saa nyingi unamnyima mchoraji chakula, na yule anayelipua kazi ndiye anayeshiba. Hiyo nayo ni sehemu ya ubora.

Hitimisho

Tumeona kwamba picha iliyosimama inaweza kuwa umaskini, inaweza kuwa fani, na mara nyingi ni vyote viwili kwa pamoja. Siku hizi bado tunaangalia katuni kwenye kile chumba. Picha ikisimama yule mwenzangu bado anasema, “Haya, wamechoka tena.” Sasa namjibu kwamba huenda kweli wamechoka, na kwamba hilo nalo lina haki ya kuingia katika uhakiki wetu. Kisha namwomba anyamaze kidogo, tuiangalie ile picha.