Milima ya Kisii na Nyamira: Njia Tatu za Mwenda kwa Miguu

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, lakini wanadamu hukutana. Katika nchi ya Abagusii, ambayo leo ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira, wanadamu wamekutana milimani kwa amani na kwa vita, na mara nyingi milima yenyewe ndiyo iliyoamua nani akae na nani ahame. Nataka kukuonyesha, ewe msomaji, njia tatu za kutembea kwa miguu katika nchi hiyo: ya kwanza nyepesi, ya pili ya wastani, na ya tatu ngumu. Utaona kwamba njia ngumu kuliko zote ndiyo itakayokurudisha mbali zaidi katika zamani.

Njia nyepesi ni ya mji wa Kisii na kilima cha Nyanchwa kilicho kando yake. Mji huu uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo hewa yake ni ya baridi, na mvua hupenda kunyesha alasiri. Toka asubuhi, basi, usije ukalowa. Wenyeji huuita mji huu Getembe, na pia Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu, kwa sababu Waingereza walijenga boma lao hapo mwaka wa 1907.

Ukiutazama mji kutoka Nyanchwa, kumbuka mwezi wa Septemba mwaka wa 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijatimiza miezi miwili. Askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka kusini, na maofisa wa Kiingereza wakaliacha boma. Tarehe 12 Septemba kikosi cha King's African Rifles kikaja kupigana nao katika vilima hivi. Kapteni Thorneycroft, aliyekiongoza, aliuawa. Lakini Wajerumani nao walipata hasara, wakarudi walikotoka. Katika siku hizo wenyeji waliingia madukani na maofisini wakachukua mali, na Waingereza waliporudi waliwaadhibu vikali. Fikiri kidogo, msomaji. Serikali iliyokuwa imewaambia watu kwamba haiondoki ilikuwa imeondoka mbele ya macho yao. Watu waliokwisha kunyang'anywa ng'ombe wao kwa nguvu walikuwa na sababu zao, na sababu hizo utazikuta katika njia ya tatu.

Lakini historia si vita peke yake. Kwa njia ya pili, panda gari mpaka Tabaka, katika Mugirango Kusini, kisha shuka utembee. Kupanda na kushuka kwake ni kwa wastani, ila uangalie miguu yako karibu na machimbo, maana kingo zake hubomoka, hasa wakati wa mvua. Hapa ndipo panapochimbwa lile jiwe laini linalojulikana kama jiwe la Kisii. Liko jeupe, liko la kijivu, liko la rangi ya waridi. Nalo hukatwa kwa panga, huchongwa kwa kisu, kisha husuguliwa kwa maji mpaka ling'ae. Zamani, kabla ya watalii kuja, mafundi walilichonga kuwa mabakuli, viko vya tumbaku na mbao za kuchezea bao. Siku hizi vinyago vyake vimesafiri mbali sana. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, alichonga ndege wa amani ambaye amewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Hata hivyo, jiwe likichimbwa halioti tena. Kila kinyago kinachoondoka ni kipande cha kilima kilichoondoka pamoja nacho.

Sasa tuiendee njia ngumu, yaani ukingo wa Manga, ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili. Vaa viatu madhubuti, chukua maji, wala usipande peke yako. Upande mmoja mlima umekatika ghafula kama ukuta, na njia yapanda kwa nguvu mpaka magoti yatetemeke. Ukifika juu siku ya anga safi, utaona chini yako uwanda wa Kano, na ng'ambo yake maji ya ziwa la Viktoria.

Usiutazame uwanda huo kama pambo tu. Mapokeo ya Abagusii yasema kwamba babu zao walitoka upande wa Mlima Elgon, wakashuka hata pwani ya ziwa, kisha wakakaa Kano. Kutoka huko walipanda hadi Kabianga, katika nchi ya Kericho ya leo. Huko baridi iliwapiga, mazao yakakataa kuota, na mifugo ikafa. Wakahama tena, wakashambuliwa na Wamaasai, na mwishowe wakakimbilia milima hii. Kitutu, ambao Manga imo katika nchi yao, walizidi kuwa wengi kwa sababu waliwapokea wakimbizi. Kwa watu hao genge hili lilikuwa ukuta wa nyumba. Adui mwenye mkuki, akipanda huku akihema, alikuwa amekwisha kushindwa nusu kabla ya kupigana.

Lakini ukuta huo haukuzuia risasi. Mwaka wa 1905 Waingereza walileta jeshi, na vijana wa Kigusii waliolikabili kwa mikuki na ngao waliangushwa na bombomu, yaani bunduki itoayo risasi mfululizo. Mnamo Januari 1908 kijana wa Kitutu aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali katika wilaya. Husimuliwa kwamba Moraa, mama aliyeheshimiwa kwa utabiri wake, ndiye aliyemtia moyo. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo alikamatwa akauawa. Jeshi lililotumwa kulipiza kisasi liliua watu zaidi ya 200, likachoma nyumba na kuteka ng'ombe kwa maelfu. Hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, aliandika kuuliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga.

Hesabu ya waliouawa na ng'ombe waliotekwa iliandikwa na wale walioshinda. Wazee wa Kitutu wana habari nyingine: husimulia kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa ng'ambo, na kwamba ukoo wake bado unakidai. Habari ya namna hiyo huishi vinywani, na kinywa cha mzee hakidumu milele. Hapo ndipo wewe, mwanafunzi, unapohitajika.

Kwa hiyo, utakapopanda mlima wowote katika nchi hii, usihesabu hatua tu. Ukimkuta mzee shambani kwake, simama, umwamkie kwa heshima, "Bwakire," kisha umwulize mambo matatu: mlima huu waitwaje, nani aliupa jina hilo, na ni nani waliopita hapa kabla yetu. Msikilize hata amalize, wala usimkatize. Ukirudi nyumbani, andika alivyokuambia, pamoja na jina lake na tarehe. Kisha muulize mzee mwingine mambo yale yale, ulinganishe majibu yao. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji miguu, masikio na daftari, nayo yahitaji kufanywa wazee wakiwa bado hai.