Duru-Haitemba: Pale Haki Ilipotangulia Katazo

Kwa muda mrefu sera za misitu nchini mwetu zilimwona mwanakijiji kuwa adui wa kwanza wa mti. Wajerumani walitoa amri ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, Waingereza wakaleta sheria yao mwaka 1921, na Tanganyika huru ikaurithi mtazamo huo. Msitu uliwekewa mipaka na mlinzi wa serikali, na waliokuwa wakipata humo kuni, asali, dawa na malisho wakageuka wavamizi. Yaliyotokea wilayani Babati yanaonyesha kwamba mtazamo huo mara nyingi ulizaa uharibifu uleule uliotaka kuuzuia.

Duru-Haitemba ni msitu wa miombo wa hekta 9,000 hivi, katikati ya vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa mbioni kuutangaza kuwa hifadhi yake. Habari zilipoenea, wengi waliwahi kuvuna walichoweza kabla hawajafungiwa: mkaa ukachomwa, miti ya mbao ikaangushwa, mashamba yakasogea msituni. Haikuwa kwamba hawakujua thamani ya msitu. Waliona tu kwamba mti watakaoubakiza utakuwa wa mwingine. Kuanzia mwaka 1994 mpango huo uliachwa na usimamizi ukakabidhiwa vijiji. Kila kijiji kiliunda kamati, kikateua walinzi miongoni mwa watu wake, na kanuni zake zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya kuwa sheria ndogo. Kuchoma mkaa na kubandua magome kulipigwa marufuku. Kuokota kuni kavu za nyumbani kuliruhusiwa. Malisho yakapangiwa maeneo na majira. Mlinzi hakuwa na mshahara: alisamehewa kazi za kijiji na kupata fungu la faini. Ukataji ovyo ulipungua na uoto ukaanza kurudi.

Wapo wanaodai kwamba maskini hawezi kutunza msitu kwa kuwa njaa haingoji. Lakini Duru-Haitemba watu walikuwa walewale na umaskini uleule. Kilichobadilika ni mwenye msitu. Hoja nzito zaidi ni kwamba kamati inaweza kutekwa na wachache, na kwamba ulinzi usio na kipato huchosha. Hatari hizo ni za kweli, na dawa yake ni mkutano mkuu wa kijiji wenye nguvu ya kuihoji na kuiondoa kamati, pamoja na mapato halali. Mapato hayo yanawezekana: wilayani Kilwa, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi bora wa misitu yao ya mpingo. Hapo kuvuna na kuhifadhi vikawa kazi moja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakitambua kijiji kuwa mwenye hifadhi yake. Basi serikali isikabidhi doria peke yake. Ikabidhi pia uamuzi na mapato, kwa sababu anayebeba gharama ya kulinda ndiye anayestahili kunufaika kwanza.