Msaada ufike mpaka muhogo ukomae

Ndugu wasikilizaji wa Kasenga, nanyi mliohama makwenu, ukame wa 2024 tunaukumbuka. Tarehe 29 Februari, rais wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza janga la taifa. Kati ya hektari milioni 2.2 za mahindi, karibu milioni 1 ziliharibika. Haut-Katanga tunategemea mahindi ya Zambia, basi unga wa bukari ulipanda bei hadi Lubumbashi.

Ng'ambo ya mto wetu, jimbo la Luapula halikupigwa kama kusini. Huko, kama kwetu, watu wanalima muhogo tangu zamani. Wareno waliofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1831 walikuta ndio chakula cha wenyeji. Muhogo huvumilia jua, na ukikomaa unaweza kukaa ardhini ukimngoja mwenyewe.

Historia ya wakimbizi wetu inapita hapo hapo. Pweto ilipoanguka Desemba 2000, maelfu walivuka kuingia Zambia. Wengi waliishi kambi za Kala na Mwange kwa chakula cha PAM, na kambi hizo zilifungwa 2010. Fujo zilipoanza tena 2017, watu walivuka upya. Safari hii, pale Mantapala, wilaya ya Nchelenge, kambi iliyofunguliwa 2018, familia zilipewa kiwanja na shamba karibu na wanakijiji. Desemba 2021, HCR ilianza kuwarudisha Pweto waliotaka kurudi.

Tofauti ni nini? Gunia la unga linaisha. Shamba linabaki, ila linataka muda. Sombe utachuma baada ya miezi michache, lakini mizizi hungoja mwaka mmoja au zaidi. Msaada wa miezi mitatu ukikatika, familia inang'oa muhogo ungali mchanga, na mwaka unaofuata inaanza tena na njaa.

Kwa hiyo wanaogawa msaada wahesabu miezi ya muhogo, si miezi ya mradi. Pamoja na unga waje na jembe na vijiti vya kupanda. Na shefu wa kijiji anapompa mgeni shamba, makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, ili aliyefyeka pori asifukuzwe siku ya kuvuna.

Wenyeji nao wakumbuke: mto huu umevukwa pande zote mbili. Anayekuomba shamba leo, kesho wewe unaweza kumwomba yeye.